Honi Mbili za Kwenye Kona

Theuri aliendesha lori la viazi la Mutahi kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kugonga hata kuku. Alipenda sana kulisema hilo. Alilisema kwenye hoteli ya chai, akalisema baada ya ibada, akamwambia hata askari wa barabarani ambaye hakuwa amemwuliza kitu. Halafu Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka wa nane wa uhuru, akamwua Gatimu.

Lakini ngoja kwanza nikueleze kilima, maana bila hicho kilima hutaelewa lolote.

Wanaume wa Mweiga wenye ng'ombe wawili watatu walikuwa wakifunga mitungi ya maziwa kwenye keria za baiskeli alfajiri na kuteremka nayo hadi mjini Nyeri, kwenye mahoteli na mashule. Kuteremka si kazi. Kazi ni kurudi. Kuna kilima kimoja kabla ya kufika Mweiga ambacho mtu mzima mwenye nguvu zake hushuka kwenye baiskeli na kuisukuma, ulimi nje, huku jua la saa tisa likimchoma utosini. Sasa Theuri naye, akishashusha viazi vyake, alikuwa akirudi na lori tupu saa hizo hizo. Akiwakuta chini ya kilima, anapunguza mwendo, mmoja mmoja anadaka mnyororo wa mlango wa nyuma, na lori linawavuta taratibu hadi juu. Sheria ilikataza. Lakini aliyeandika hiyo sheria hakuwa na mitungi miwili kwenye keria.

Hatari ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kona iliyo katikati ya kilima. Pale lori lilikuwa linachoka, na Theuri alilazimika kurudi gia ya kwanza. Lile lilikuwa lori kuukuu, gia zake za kubembelezwa, na kabla ya ile ya kwanza kuingia lilikuwa likirudi nyuma hatua moja au mbili. Kwa hiyo Theuri aliweka utaratibu wake mwenyewe, na aliuonea fahari kuliko leseni yake. Akikaribia kona anapiga honi mara mbili, fupi fupi. Watu wa maziwa wote wanaachilia mnyororo na kukaa kando kwenye majani. Gia ikishaingia, wanadaka tena. Miaka minane walifanya hivyo na hakuna aliyechubuka hata goti. Hata watoto wa pale kilimani walikuwa wakizijua zile honi mbili.

Jumanne ile honi haikuwa ikilia.

Ilikufa asubuhi, Theuri akiwa bado anapakia. Alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akasema ni waya tu, ataupeleka kwa Abdulatif, fundi wa umeme wa magari pale mtaa wa Majengo, Nyeri, akishamaliza kushusha mzigo. Akamaliza kushusha, akala, akakutana na mtu wa Karatina wakaongea bei ya viazi, akaona jua linakwenda, akasema basi, kesho. Nani kati yetu hajawahi kusema kesho?

Chini ya kilima akamkuta Gatimu peke yake. Wenzake walikuwa wametangulia. Gatimu alikuwa mtu mrefu mkimya, mzee wa miaka arobaini na kitu, na miaka mitano nyuma alikuwa ameacha pombe mbele ya kanisa zima na hakuigusa tena. Siku hiyo alichelewa kwa sababu ya mtungi mmoja. Mdogo wake alikuwa anapeleka mahari Jumamosi, na mahari haipelekwi mikono mitupu. Wazee wa upande wa msichana wanangoja muratina yao, ile pombe ya jadi. Gatimu, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikwenda kuichukua kwa mzee mmoja mpishi wa pombe karibu na mjini, akaitia kwenye mtungi wa maziwa ili watu wa kanisa wasimwone nayo wakaanza maneno. Alimweleza Theuri haya yote akiwa amesimama kando ya mlango wa lori, anacheka kidogo kwa aibu.

"Nivute, Baba Wacera," alimwambia. "Lakini polepole. Mtungi moja ni maziwa yaliyobaki, ingine ni pombe ya wazee. Usinimwagie."

Theuri akamwambia ashike. Hapo ndipo angesema honi imekufa, leo hapana, sukuma baiskeli yako. Ilimjia, tena ilimfika hadi kwenye ulimi. Akaona aibu kumwacha mtu mwenye mzigo chini ya kilima kwa sababu ya waya, akajiambia atapiga mlango kwa kofi, Gatimu atasikia.

Alifika kwenye kona akapiga mlango kwa kofi mara mbili. Injini ilikuwa inanguruma, upepo unavuma kutoka Nyandarua. Akarudi gia. Lori likarudi nyuma hatua mbili, kama kawaida yake, na Theuri akasikia kitu kama debe linalokanyagwa.

Tusiyarefushe mengine. Alishuka, akaona, akarudi akakaa kwenye ngazi ya lori. Mtungi ulikuwa umepasuka na muratina yote ilikuwa imemwagikia shati la Gatimu. Askari walipofika saa kumi, kitu cha kwanza walichofanya ni kunusa hewa. Mmoja akamtazama mwenzake. Wakamwuliza Theuri kama alijua kuna mtu ameshika lori lake.

Theuri akasema hapana. Hakujua. Alisikia kishindo tu.

Neno lenyewe lilitoka haraka, kabla hajalipima. Askari akaliandika, na lilipoandikwa likawa ndilo. Mlevi, kashika lori la watu bila dereva kujua, kaanguka. Wakamwambia alete gari kituoni kesho yake likaguliwe. Saa kumi na mbili jioni ile ile Theuri alikuwa Majengo kwa Abdulatif. Ule waya ulichukua dakika tano. Asubuhi mkaguzi akabonyeza honi, honi ikalia, akakanyaga breki, breki zikashika, akasema lori halina kasoro.

Jumatano hiyo jioni Murugi, mke wa Gatimu, akafika kwa Theuri. Alikuja kwa miguu na leso yake nyeusi kichwani, akakataa kiti, akakataa na chai. Mke wa Theuri akatoka nje awaachie nafasi. Murugi hakulia. Alisema ametoka kwa wazee wa kanisa, na wazee wamekaa wakakata shauri: Gatimu aliahidi mbele ya Mungu kuacha pombe, naye amekufa ananuka pombe, kwa hiyo kanisa litakuja mazishini kama majirani lakini mchungaji hatavaa joho wala hataomba juu ya kaburi. Aliwaeleza habari ya mahari, wakamwambia pole, mama, kila mlevi ana habari yake. Watoto wa shule wameshaanza kumwita Ngendo, binti yake, mtoto wa mlevi.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuwa karibu na yeye," akamwambia. "Sikuulizi habari ya lori. Nauliza moja tu. Ulimwona? Alikuwa amelewa?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lilikuwa neno moja. Lakini Theuri hakuwa mjinga. Akisema hakuwa amelewa, ataulizwa alijuaje. Akisema waliongea, basi alijua ameshika. Na akijua ameshika, ataulizwa kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, aliyeijua ile kona kama mlango wa nyumba yake, hakuachilia. Hapo ndipo honi inaingia. Nyuma ya honi kuna jela na leseni kuchukuliwa, na Theuri hakuwa na shamba la maana wala ng'ombe. Alikuwa na leseni, mke na watoto watano.

Akasema hakumwona. Pole sana, Mama Ngendo, sikumwona.

Murugi akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda zake. Theuri akasukuma chakula chake kando. Mkewe alimwuliza una nini, akasema kichwa.

Alhamisi akamkuta Abdulatif sokoni Nyeri, au tuseme Abdulatif ndiye aliyemkuta. Huyu alikuwa mtu mpole, babake alifika Nyeri zamani akifuata kazi za wazungu, na maneno yake yalikuwa machache. Akamvuta Theuri kando ya kibanda cha mboga. Akasema amesikia habari ya yule mtu wa maziwa, na amesikia pia ilikuwa saa ngapi.

"Mtu amekufa saa tisa," Abdulatif akasema. "Honi nimekuunganishia saa kumi na mbili. Mimi si askari, Theuri, sitakwenda kumwambia mtu. Lakini usiombe niulizwe, kwa sababu nikiulizwa nitasema."

Theuri akamkasirikia! Fikiria hapo. Akamwambia kila mtu ashughulike na waya zake. Akaondoka anatembea kwa hasira hadi alipofika kwenye lori, na pale hasira ikamwisha, akabaki ameshika usukani bila kuwasha gari. Alijiona vizuri kabisa alivyo, na hakupenda alichokiona.

Mutahi, mwenye lori, alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na Ijumaa akatangaza kwamba lori lake litabeba sanduku la marehemu kutoka chumba cha maiti hadi nyumbani, bure, na dereva ni Theuri yule yule, maana Theuri hana kosa na polisi wenyewe wameandika. Watu wakasema Mutahi ni mtu wa utu. Theuri hakupata pa kukataa. Angesema nini?

Basi Jumamosi, siku ambayo mahari ilikuwa ipelekwe, sanduku la Gatimu likapandishwa nyuma ya lori la viazi. Wanaume wakakaa nalo, kina mama wakaimba. Murugi akawekwa mbele, karibu na dereva, kwa sababu ndiye mwenye msiba na barabara ilikuwa na vumbi. Tangu Nyeri alitazama nje dirishani. Theuri naye aliendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Chini ya kilima watu wa maziwa walikuwa wanangoja, zaidi ya ishirini, na baiskeli zao bila mitungi. Walikuja kumsindikiza mwenzao. Theuri akapunguza mwendo, na nyuma kule, bila mtu kuwaambia, wakadaka. Waliotangulia wakashika mnyororo, waliofuata wakashika mabega ya wenzao. Ndivyo walivyozoea kupanda kile kilima na Gatimu, na ndivyo walivyopanda naye siku hiyo.

Lori likafika kwenye kona. Likaanza kuchoka. Mkono wa Theuri ulikwenda wenyewe kwenye honi, miaka minane ya mazoea haimwulizi mtu, ukapiga mara mbili, fupi fupi.

Murugi alikuwa akitazama kwenye kioo cha upande wake. Aliona baiskeli zote zikiachilia kwa pamoja na kuingia kwenye majani. Aliona lori likirudi nyuma hatua mbili mahali ambapo watu walikuwa sasa hivi. Gia ikaingia, lori likasogea mbele, baiskeli zikarudi kwenye mnyororo. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya.

Akaacha kioo, akamgeukia Theuri. Halafu akauliza hiyo honi ilikuwa ya nini. Theuri akamjibu kwamba ni ya kuwaambia waachilie.

"Na Baba Ngendo alikuwa anaijua?"

"Alikuwa anaijua kuliko wote."

"Jumanne ulipiga?"

Theuri akatazama barabara. Kilima kilikuwa kimebaki kidogo kuisha, na alitamani kisiishe. Angeweza kusema alipiga. Nani angembishia, marehemu? Mkaguzi mwenyewe aliandika honi nzima. Lakini mama huyu alikuwa ameshaona kwa macho yake mawili, na Theuri akahisi kwamba akisema uongo huu mmoja zaidi, hatajua tena kusema kitu kingine maisha yake yote.

"Haikulia," akasema. "Ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Nilijua imekufa, na nilijua ameshika, aliniomba mwenyewe. Nilipiga mlango kwa mkono. Hakusikia. Hakuwa amelewa, Mama Ngendo. Alisema nimvute polepole nisimwage pombe ya wazee."

Murugi alishika mdomo wake kwa leso. Mabega yakamtikisika mara moja tu, halafu yakatulia. Walikuwa wameshaingia kwenye njia ya nyumbani, watu wamejaa, mchungaji amesimama kando na koti lake la kawaida, wazee wa kanisa wamekunja mikono.

"Shuka uwaambie hao," akasema. "Vile umeniambia mimi."

Akashuka. Mimi sitakuambia alihutubia. Alisimama kando ya gurudumu la nyuma, kofia mkononi, na sauti yake ilikuwa ndogo hata waliokuwa mbali wakaanza kuulizana anasema nini. Alisema honi, alisema kofi, alisema muratina ilikuwa ya mahari na Gatimu hakuionja. Alisema alidanganya askari. Akarudia mara mbili kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Mutahi alikuwa mbele kabisa na suti yake. Uso ulimsawijika, akanyoosha mkono, na Theuri akamwekea funguo za lori kwenye kiganja. Mdogo wake Gatimu, yule yule aliyekuwa apeleke mahari, alimwendea mbio na rungu, wakamshika. Theuri hakusogea. Nafikiri angemwacha ampige.

Mchungaji akawatazama wazee wake. Mmoja wao, mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko wote Jumatano, akainamisha kichwa. Mchungaji akachukua mkoba wake, akaingia ndani ya nyumba, akatoka amevaa joho. Ngendo alipoliona, akaanza kulia kwa sauti, na ndio watu wakajua kwamba siku zote hizo mtoto hakuwa amelia.

Walipomaliza kuzika, Theuri akamwendea Murugi. Alikuwa na maneno aliyoyapanga, ya kuomba msamaha. Murugi akainua mkono akamkatiza.

"Ungeniambia Jumatano," akasema. "Siku tatu mtoto wangu anaitwa vile. Siku tatu na mimi nimeanza kujiuliza kama ni kweli."

Akageuka akarudi kwa wageni wake. Hilo la mwisho ndilo lililomwingia Theuri kuliko rungu ambalo lingempata.

Kituo cha polisi kilikuwa umbali wa saa nzima kwa miguu. Theuri alikuwa ameshaanza kutembea aliposikia kengele nyuma yake. Alikuwa Ngatia, mmoja wa watu wa maziwa, rafiki wa Gatimu tangu utoto. Hakumsalimia. Alisimamisha baiskeli tu na kuonyesha keria kwa kidevu. Theuri akapanda. Miaka kumi na mmoja hakuwa amekaa kwenye baiskeli, na alishangaa barabara ilivyo pana ukiwa huko chini, na jinsi mtu alivyo mdogo juu yake.

Hawakuwa wamefika mbali lori likatokea nyuma, la mbao, la mtu wasiyemjua. Theuri alilisikia likija. Alingoja honi. Alingoja, akashika shati la Ngatia, lori likawapita hapo hapo sikioni kwa kishindo na upepo, na baiskeli ikarushwa kwenye majani. Ngatia akaweka mguu chini asianguke. Vumbi liliwafunika wote wawili. Theuri alikuwa anakohoa, bado ameshika shati la Ngatia.

"Kila siku ni hivi?" akauliza mwishowe.

"Kila siku," Ngatia akasema. "Ulikuwa wewe peke yako wa kupiga honi." Akapangusa macho, akarudisha baiskeli barabarani.

Kituoni kulikuwa na askari mmoja, anakula mahindi ya kuchoma. Alimsikiliza Theuri hadi nusu, akamkatiza. Akasema hiyo habari imeshaandikwa, faili imeshafungwa, marehemu alikuwa mlevi, na leo ni Jumamosi. Akamwambia aende nyumbani akapumzike, ana huzuni, ni kitu cha kawaida kwa dereva. Kama bado ana neno, arudi Jumatatu mkubwa akiwepo.

Theuri akatoa leseni mfukoni, akaiweka juu ya meza, kando ya mahindi.

"Chukua kalamu," akasema. "Honi haikulia. Anza na hilo."

Askari akaitazama ile leseni, akamtazama na yeye. Akarudia kwamba Jumatatu. Theuri akaenda akakaa kwenye benchi la ukutani, akavua kofia, akasema sawa, atangoja.